Vidani vya Wachota Nuru

Jumamosi, 2 Machi 2019, Haltom City

Baridi imerudi, ingawa juzi tulilala na dirisha wazi.

Theodora amepiga simu kutoka Plano. Ni Mtanzania mwenzetu. Siku za kazi huvaa kadi ya ofisi shingoni. Mwisho wa juma huvaa joho la kijani na kubeba taa ya karatasi, maana yeye na wenzake ni mashabiki wa Wachota Nuru, mchezo wa kompyuta ambao binti yangu Queen ameucheza miaka mitatu sasa. Katika mchezo huo wasichana hushuka visimani kuchota mwanga, na kila mmoja ana kidani: jiwe la kijani lenye umbo la tone, limezungukwa na ngazi zinazoteremka mpaka kwenye ncha. Theodora anataka vidani ishirini na vinne. Mwezi wa tano, kwenye mkusanyiko mkubwa wa mashabiki Dallas, wataandamana ukumbini wote wamevaa.

Nikamwambia nitamuuliza Badria kwanza.

"Badria? Huyo atasema yes kabla hujamaliza sentensi," alisema.

Badria alisema ndiyo kabla sijamaliza.

Kazi tumeigawa hivi. Mimi nachonga na kutengeneza fremu za shaba. Yeye, kule Alief, Houston, anamwaga mawe kwa rezini, ile plastiki ya maji inayoganda. Rezini inanuka na sisi tunakaa fleti. Yeye ana gereji ya kaka yake Munir. Jiwe mama liko kwake. Nililichonga kwa nta ngumu ya masonara tangu Novemba mpaka Januari, kabla ya agizo hili. Analizungushia silikoni ya maji, inaganda kama mpira na kuwa kalibu, analitoa, halafu anamwaga rezini ndani ya kalibu mara nyingi iwezekanavyo. Baba Queen, yaani mume wangu Kalisti, anaendesha lori la mizigo kwenda Houston, na kila Ijumaa ananiletea boksi.

Meza ya Dallas imeandikishwa kwa majina yetu mawili. Ni mara ya kwanza. Miaka yote tumeuzia kwenye vimeza vya kuazima, pembeni mwa watu wenye mabango. Mimi peke yangu nisingethubutu kuomba. Badria ndiye aliyeomba, akanitumia jibu likiwa na vikatuni vinavyocheka. Hapa nchini nina wenzangu wa kanisani na wenzangu wa kazini. Rafiki ninaye mmoja, naye yuko Houston.

Jumapili, 3 Machi

Misa. Nimekata utepe wa shaba wa fremu sita.

Jumatano, 6 Machi

Jumatano ya Majivu. Saa saba mchana ving'ora vya kimbunga vimelia kwa majaribio, kama kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Kazini, kwenye karakana ya miwani, hakuna aliyeinua kichwa. Tuliendelea kukata lenzi.

Ijumaa, 8 Machi

Boksi la kwanza. Mawe saba. Kila moja limeingia kwenye fremu kwa mlio mdogo, tik, kama lenzi iliyokatwa vizuri. Nimempigia Badria.

"Yameingia?"

"Yameingia."

"Hilo tu? N'nachanganya rangi kutwa nzima, mikono kijani kama nimepakwa hina na adui yangu, we wanambia 'yameingia'?"

"Rangi ni nzuri sana, Badria."

"Haya bibi. Sifa zako na mvua ya jangwani ni ndugu."

Kisha akanihadithia mambo ya jirani yake, ya duka la nyama, ya mkwe wa mtu nisiyemjua. Akianza hivyo huiweka simu kwenye spika, nami naendelea kupiga tupa.

Ijumaa, 15 Machi

Boksi la pili. Kalisti alimngoja Badria kituo cha mafuta mpaka akaishiwa na karanga. Badria hajawahi kuwahi kitu. Mawe ni mazuri.

Jumanne, 19 Machi

Queen nimemsemesha kwa Kiswahili mara tatu, amejibu kwa Kiingereza mara tatu. Lakini chakula alikiomba kwa Kiswahili.

Ijumaa, 22 Machi

Boksi la tatu. Mawe mawili hayakubana. Nilipotikisa fremu yalitikisika ndani. Itakuwa nimekunja shaba vibaya. Wiki hii nimefanya kazi hadi vidole vinakufa ganzi.

Jumapili, 24 Machi

Nimepima fremu zote kwa kalipa, kile kipimo cha kubana. Ziko sawa na za mwanzo. Basi ni mvua ya Houston. Rezini haipendi unyevu.

Ijumaa, 29 Machi

Boksi la nne. Hakuna hata jiwe moja linalobana.

Nimechukua jiwe la boksi la kwanza na jiwe la leo, nikayaweka sambamba dirishani. La kwanza, kila ngazi ina ukingo unaokata kivuli. La leo, ngazi zimekuwa kama sabuni iliyoogewa wiki nzima.

"Badria, kalibu imechoka?"

"Kalibu? Aa, kalibu nzima. Ni joto la huku, shoga. Hata nguo kabatini zinatoka jasho."

"Na jiwe mama?"

"Lipo."

Akarukia harusi ya binamu yake, ukumbi, wapishi, nani hakualikwa. Sikuiweka simu kwenye spika. Mtu mwenye maneno mengi akikujibu kwa neno moja, neno hilo linabaki sikioni.

Jumatano, 3 Aprili

Ving'ora vya majaribio. Maua ya buluu yameota kando ya barabara kuu na watu wanapaki magari vibaya ili wapige picha.

Ijumaa, 5 Aprili

Kalisti amerudi mikono mitupu.

"Kasema anaumwa," alisema. "Lakini nilimwona dirishani anakunja nguo."

"Mgonjwa hakunji nguo?"

"Anakunja. Ila haimbi."

Jumanne, 9 Aprili

Leo nikiwa kazini nimeelewa, na nimejishangaa kwamba nimechelewa kuelewa. Silikoni na rezini zinanywea kidogo zikiganda. Kwa hiyo nakala ya jiwe mama ni ndogo kidogo kuliko jiwe lenyewe. Hilo nilijua tangu mwanzo, na fremu nilizipimia nakala. Lakini ukichukua nakala ukaitengenezea kalibu, jiwe litakalotoka litakuwa dogo zaidi, na kingo zake zitakuwa zimelainika mara mbili. Haya ninayoletewa ni nakala za nakala. Badria hatumii tena jiwe mama.

Kwa nini, sijui. Jiwe liko wapi, sijui.

Jumamosi, 13 Aprili

Mvua ya mawe ilipiga kama mtu anayemwaga kokoto juu ya bati. Theodora alikuja kuchukua vidani kumi na viwili vya kwanza, akakwama hapa mpaka ilipotulia, akila maandazi na kulilia kioo cha gari lake.

Akiwa hapo akanionyesha picha kwenye simu. "By the way, kuna msichana wa Houston kavaa kidani chenu. Hiki hapa. Yaani kiko sharp kweli kweli. Mnauza na huko?"

Nilikitazama. Ngazi zote zilikuwa na kingo.

Nimeandika sentensi hapa na kuikata. Naiandika tena kwa kuwa hii ni shajara yangu na hakuna mwingine wa kuisoma: nadhani Badria amewaazima watu wengine jiwe langu, au amewauzia.

Jumapili, 21 Aprili, Pasaka

Kila mwaka Badria ndiye wa kwanza kunitakia heri. Leo pia: "Pasaka njema shoga, na pilau la shemeji Kalisti lisiungue mwaka huu." Nilijibu: "Asante. Naomba unirudishie jiwe mama."

Jibu lilikuja jioni. "Nitakuletea mwenyewe inshallah."

Pilau liliungua.

Jumamosi, 27 Aprili

Tumekwenda Alief na kurudi. Nimeoga, nimekaa, naandika kwa utaratibu.

Hatukumwambia kama tunakuja. Kalisti hakupenda. "Mama Queen, mgeni wa ghafla ni askari," aliniambia njiani, kisha akafungulia redio mpaka Houston.

Badria alifungua mlango amejifunga leso kiunoni, mikono ina unga. Nyuma yake ilitoka harufu ya ubani na, chini ya ubani, ya rezini. Alitutazama mmoja mmoja, kisha akaanza kama kawaida yake.

"Ya rabi! Karibuni, karibuni. Shemeji umekonda, huyu mwanamke anakulisha shaba? Kaeni. Nna juisi ya ukwaju, sambusa ziko motoni..."

"Nimekuja kuchukua jiwe," nilisema.

Juisi ilikuwa imeshamiminwa. Kalisti alisema anakwenda kuangalia tairi, akatoka. Tairi halikuwa na tatizo lolote.

Badria aliingia ndani akarudi na kopo la halua. Alilifungua mwenyewe. Ndani, juu ya pamba, jiwe langu lilikuwa vipande vitatu.

Nilisubiri. Aliongea taratibu, jambo ambalo sijazoea kwake. Kalibu ya kwanza ilichanika baada ya boksi la pili. Akatengeneza nyingine. Wakati wa kulitoa jiwe mama, badala ya kuipasua silikoni kwanza pande zote, alivuta. Alikuwa na haraka, alikuwa amechelewa tena. Ngazi zikashika ndani, nta ikavunjika.

"Nikachukua mojawapo ya yale mazuri nikalitengenezea kalibu. Nikajisemea hutojua."

"Nilijua."

"Najua umejua. Toka siku ile ulipouliza, sijalala vizuri."

"Na yule binti wa kwenye picha, mwenye kidani chenye kingo?"

"Binti gani? Huyo Jannat wa jirani? Hicho nilimpa katika vile vya majaribio vya mwezi wa pili. Wewe mwenyewe ulinambia nimpe, alipofaulu mtihani."

Ni kweli. Nilimwambia.

"Kwa nini hukuniambia jiwe limevunjika?"

"Nilishika simu. Wallahi nilishika simu mara mbili. Nikaona utakavyonyamaza."

"Nitakavyonyamaza?"

"Wewe hugombi, Ndeshi. Afadhali ungegomba. Mimi kwetu tukikosana mtaa mzima unajua, na jioni tunaombana chumvi. Wewe unanyamaza. Mtu anabaki kusikia tupa tu upande wa pili wa simu, kwiri, kwiri, hajui kama yuko duniani au keshazikwa."

Kumbe alikuwa akiisikia.

Nilikuwa na maneno. Ningeweza kusema kwamba nta ningechonga nyingine, kwamba lililoniuma si jiwe ila hizo Ijumaa zote nilizopima fremu zangu nikidhani mikono yangu imeharibika. Maneno hayo ninayo sasa, kwenye karatasi. Pale mbele yake yalikuwa hayajafika. Nilifunika kopo, nikasimama.

"Unaona?" alisema Badria. "Ndiyo huko kunyamaza."

Nikatoka. Kalisti alikuwa ameegemea gari. Alinitazama usoni, akatazama kopo.

"Hata juisi hukunywa?"

"Twende, Baba Queen."

Alirudi ndani kumuaga, akakaa kidogo. Alipotoka alikuwa na sambusa ndani ya karatasi. Sikula. Nilisikia harufu yake njia nzima.

Jumapili, 28 Aprili

Sikwenda Misa.

Alhamisi, 2 Mei

Nimepata namna ya kuyakaza mawe yaliyobaki. Kazini lenzi ikilegea tunapitisha uzi mwembamba ndani ya fremu. Nimetumia ukanda wa ngozi, mwembamba kama ganda la kitunguu. Yanabana. Mtu hawezi kujua.

Nimeisoma tena sentensi hiyo ya mwisho. Badria naye alijisemea hivyo hivyo.

Jumamosi, 4 Mei

Queen amekuja kuomba mkasi, akaona mawe yamepangwa mezani, ya mwanzo upande mmoja na ya mwisho upande wa pili. Akaokota la mwisho.

"Haya ndiyo mazuri," alisema, kwa Kiswahili kabisa.

"Hayo ndiyo mabovu. Tazama ngazi zilivyolika."

"Lakini mama, kwenye mchezo zimelika." Akaendelea kwa Kiingereza, kwa kasi, jinsi anavyoongea akijua jambo. Visima vya Wachota Nuru vina maelfu ya miaka. Ngazi zimeliwa na miguu ya wasichana wote walioshuka. Kidani kinafanana na kisima, kwa hiyo ngazi zake nazo zimelika. Kila shabiki anajua.

"Mbona hukuniambia nilipokuwa nachonga?"

"Ulikuwa umefurahi," alisema, akaondoka na mkasi.

Miezi mitatu nimenoa kingo ambazo hazimo. Nilicheka peke yangu, kisha nikaacha. Hilo halimsafishi Badria. Hakuvunja jiwe ili lifanane na mchezo. Alilivunja kwa haraka, akalificha. Lakini nimecheka, na mtu niliyetaka kumpigia nimweleze ni yeye.

Jumatatu, 6 Mei

Ramadhani imeanza. Kila mwaka humwandikia salamu alfajiri. Leo nimeandika, nikafuta.

Ijumaa, 10 Mei

Kalisti hukaa kwenye kochi kabla hata hajavua viatu. Leo aliingia akasimama katikati ya sebule, amebeba kwa mikono miwili kitu kilichofungwa kwenye leso ya Badria, ile ya rangi ya zambarau.

"Nimetumwa," alisema.

Akaifungua. Ndani kulikuwa na jani refu la kijani, lina mstari wa njano katikati, limefungwa fundo moja.

Niliinuka kabla sijafikiri. Nimezaliwa Uchagani, mwili wangu unalijua jani la sale kuliko unavyoijua anwani ya nyumba hii. Kwetu mtu aliyekukosea akikuletea sale, au akimtuma mtu akuletee, hukatai. Unaweza kukataa mbuzi, unaweza kukataa machozi. Sale hukatai. Anayeikataa, kosa linahama kutoka kwa yule aliyekosa na kuja kwake.

Niliponyoosha mkono ndipo nikaona. Halikuwa jani. Ilikuwa ile sponji ngumu ambayo mashabiki wanatengenezea ngao na mapanga. Ameikata, ameipasha moto ikajikunja kama jani linavyojikunja, amechora mishipa, ameipaka rangi tabaka juu ya tabaka. Kwenye ncha ameweka hata ile kahawia ya kukauka.

"Nani amemwambia habari za sale?"

"Mimi. Siku ile niliporudi kumuaga. Aliniuliza, 'Shemeji, kwenu mtu akikosea hufanya nini?' Nikamweleza. Nilidhani atakwenda dukani. Mmea wenyewe si umejaa hapa, wameutia kwenye vyungu kila ofisi ya Plano?"

"Sasa kwa nini hakununua?"

"Alikwenda. Anasema aliona majani ya aina kumi, yote yanafanana. Akaogopa asije akakuletea jani la kuombea radhi kwa watu wengine." Kalisti alikuwa anajizuia kucheka. "Akasema la kutengeneza hawezi kukosea. Kachukua picha za kwetu mlimani, kaziangalia wiki nzima. Njiani nimelifunga mkanda kwenye kiti cha mbele. Polisi wa barabarani aliniangalia sana."

Nimelipokea kwa mikono miwili. Nimeliweka juu ya friji.

Jumapili, 12 Mei

Siku ya kina mama hapa. Queen amenipikia mayai. Baadaye nimemuuliza Kalisti swali lililonikaa tangu juzi.

"Sale ya sponji ni sale?"

Alifikiri. "Haijawahi kukataliwa."

"Kwa sababu haijawahi kuletwa."

"Ndiyo hivyo nilivyosema."

"Baba Queen, nakuuliza kweli."

"Na mimi nakujibu kweli. Ningekuwa kule ningemuuliza mzee. Hapa mzee ni mimi, na mimi naendesha lori." Akakunja mikono ya shati. "Wewe unawauzia watu kidani cha kisima ambacho hakipo duniani. Wakikivaa wanalia. Nimewaona. Unawaambia ni cha uongo?"

"Hilo jambo lingine."

"Sawa," alisema. Akanawa mikono, akaenda kumenya ndizi.

Jumanne, 14 Mei

Nimelishusha jani kulitazama vizuri. Upande wa chini amepaka rangi iliyofifia, kama jani la kweli, ingawa nani angeligeuza? Na pale fundo lilipokaza, sponji imechanika. Najua kuziba mpasuko wa namna hiyo. Gundi tone moja, rangi juu, na hauonekani tena. Ni yeye aliyenifundisha. Hapa hakuziba. Ameushona kwa uzi mweupe, nami najua ana uzi wa kijani.

Nimeandika ujumbe: "Nimepokea." Sikuutuma. Neno lenyewe halitoshi, na mengine yakiwa mengi yananitoroka.

Jumamosi, 18 Mei

Ving'ora, na safari hii si majaribio. Mimi na Queen tulikaa bafuni na mito vichwani mpaka upepo ulipopita. Badria alimwandikia Queen: mko salama? Hakuniandikia mimi. Queen alimjibu, akaniangalia. Nilisema, "Mwambie kwamba baba naye yuko salama, yuko Waco." Hilo ndilo nililoweza.

Alhamisi, 23 Mei

Vidani ishirini na vinne vimekwisha, Theodora amechukua vilivyobaki, na kwa ajili ya meza nina vingine vichache na vipuli hamsini. Nimekipiga pasi kitambaa cha meza. Bango lina majina mawili. Sijui kama atakuja.

Jumamosi, 25 Mei

Tulifika ukumbini Dallas mapema. Nilikwenda kulipia maegesho, nikamwachia Queen apange meza. Niliporudi amepanga vizuri kuliko mimi: vidani kwenye velveti, vipuli kwenye kibao, na bango mbele. Kiti kimoja nyuma ya meza nimekikalia mimi. Cha pili kina begi langu.

Mchana kundi la Theodora likapita. Majoho ya kijani ishirini na manne, taa za karatasi, na katika kila kifua kidani. Watu walisogea pembeni kuwapisha. Theodora alitoka kwenye mstari akaja mbio mezani.

"Dada Ndeshi, wote wanauliza umefanyaje ngazi zikaonekana zimezeeka vile! Vile kumi na viwili vya mwanzo wenyewe wanataka kuvibadilisha!"

"Si mimi niliyefanya," nilisema. "Ni mwenzangu."

Nililisema kwa sababu ni kweli. Alikuwa ameshakimbia kurudi kwenye mstari.

Baadaye kidogo akaja binti mmoja, nywele za rangi ya samawati, mrembo, mtaratibu. Alivigusa vidani kimoja kimoja. Kisha akanyoosha kidole kwenye kona ya meza.

"Hili jani ni la mchezo gani?" aliuliza kwa Kiingereza. "Bei gani?"

Nikageuka. Queen alikuwa amelileta. Alilitoa juu ya friji akidhani ni pambo la meza, akalisimamisha kando ya bango, fundo likitazama watu. Nilifungua mdomo kumwambia yule binti samahani, limewekwa kwa makosa. Ndipo nikamwona, nyuma ya bega la binti, amesimama kama mteja anayengoja zamu yake. Badria. Baibui lenye vumbi la safari, midomo mikavu ya saumu, kadi ya ukumbi yenye jina lake shingoni. Ametoka Houston baada ya daku. Hakutoa salamu. Badria, hakusema kitu.

Mara hii mwenye kunyamaza alikuwa yeye, nami nikaona jinsi kunavyokuwa kukaa upande wa pili wa kunyamaza.

"Si la mchezo wowote," nilimwambia yule binti. "Na haliuzwi. Nimepewa."

"Ni zuri sana. Limetengenezwa kufanana na jani gani la kweli?"

Badria alikuwa anautazama ule uzi mweupe.

"Halikutengenezwa kufanana," nilisema. "Hili ndilo lenyewe."

Binti alitabasamu kwa adabu, kama mtu aliyekosa kuelewa lakini hakuchukia. Badria alielewa. Alijifuta uso kwa ncha ya mtandio, mara moja, kwa nguvu, kama anayefuta jasho.

"Sasa," alisema kwa Kiswahili, sauti imekwaruza, "utaniacha nisimame hapa mpaka magharibi? Na saumu hii?"

"Umechelewa," nilisema.

"Nimechelewa kweli."

"Vipuli hamsini nimevipanga peke yangu. Nimekasirika, Badria. Nilikasirika toka mwezi wa tatu. Nilidhani mikono yangu imeharibika. Ungeniambia."

Yalitoka yote, mbele ya mteja, kwa sauti iliyofanya watu wa meza ya jirani wageuke. Badria akafumbua macho makubwa.

"Subhanallah," alisema. "Anagomba."

Nikaondoa begi kwenye kiti. Kabla hajakaa sawasawa alikuwa ameshamwonyesha yule binti vipuli, akimweleza kwa mikono miwili kwamba rangi ya samawati ya nywele zake imekuja Dallas kuvitafuta.

Jioni alifuturu kwetu. Kalisti alikuwa amepika mtori. Badria aliutazama ndani ya bakuli, akasema uji huu wa ndizi wanywe wagonjwa, kisha akaomba tena.

Jumapili, 26 Mei

Badria amelala chumbani kwa Queen mpaka karibu na adhuhuri. Mimi nimekwenda Misa na kurudi.

Nimeweka mezani kipande kipya cha nta. Alipoamka alikaa mbele yake, akauliza tunaanzia wapi. Nikamwambia ngazi ya juu, na isiwe na kingo. Akasema nimwoneshe. Nikampa tupa.